Paul Scofield, mwigizaji aliyetosheka na kazi yake

Mnamo miaka ya 1960, mwongozaji Fred Zinnemann alipoazimia kukitia katika filamu kisa cha Thomas More, kansela wa Uingereza aliyekatwa kichwa mwaka 1535 kwa kukataa kula yamini aliyotakiwa na mfalme wake, wakuu wa kampuni ya Columbia, ambao mali ilikuwa yao na hasara pia ingekuwa yao, walipendelea nafasi hiyo apewe mtu mwenye jina kubwa, wa tabaka la Laurence Olivier au Richard Burton, ambaye picha yake ikibandikwa nje ya jumba la sinema ingetosha peke yake kuwavuta watu wakate tikiti. Zinnemann hakuridhia. Yeye alimtaka Paul Scofield, mtu wa miaka 44, ambaye wapenzi wa tamthiliya wa London na New York walimjua na kumstahi kupita kiasi, lakini ambaye kwa umma wa sinema duniani alikuwa karibu mgeni. Na kwa kuwa Zinnemann alishika msimamo wake hadi mwisho, ulimwengu ukapata mojawapo ya kazi za uigizaji zilizo timilifu kabisa katika historia ya filamu.

Filamu ile, iitwayo A Man for All Seasons, ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 2, ambazo kwa kazi ya namna hiyo zilikuwa haba hata wakati ule, ikatoka mwishoni mwa mwaka 1966, na usiku wa tarehe 10 Aprili 1967, tuzo za Oscar zilipogawiwa, ikajipatia sita, zikiwamo ile ya filamu bora, ya mwongozaji bora na ya mwigizaji bora wa kiume. Scofield hakuwapo ukumbini. Alikuwa kwao Uingereza, na tuzo yake ikapokewa kwa niaba yake na Bibi Wendy Hiller, aliyeigiza katika filamu hiyo kama mke wa More. Hakususa wala hakudharau heshima aliyopewa. Ila kazi yenyewe alikwisha kuifanya, na hakuona kwamba kuvuka bahari ili apigiwe makofi kungeiongezea chochote.

Wapo waandishi ambao wakimtaja Scofield humfanya kuwa kitendawili: mtu aliyejaliwa kipaji cha kumfikisha popote, naye akachagua kukaa kijijini, akaepa mahojiano, akayapa kisogo maisha ya Hollywood, akakataa hata cheo alichotunukiwa na dola ya nchi yake. Husema alikuwa mtu wa kujificha. Mimi siafiki. Kwa kadiri nilivyoyasoma maisha yake na kuzitazama filamu zake, namwona kuwa miongoni mwa watu wachache walio wazi kabisa, maana kila alichokuwa nacho alikitoa mbele ya hadhira, usiku baada ya usiku, kwa zaidi ya miaka 50; na kilichosalia, yaani mke, watoto, nyumba na matembezi ya mashambani, kilikuwa chake, hakikumpasa mtu mwingine.

Alizaliwa tarehe 21 Januari 1922 huko Birmingham, akapewa jina la David Paul, lakini hakukulia katika mji ule wa viwanda, kwani angali mchanga wazazi wake walihamia Hurstpierpoint, kijiji cha Sussex, kusini mwa Uingereza, ambako baba yake alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya Kanisa la Anglikana. Baba alikuwa Mwanglikana, mama Mkatoliki, na watoto wakalelewa baina ya madhehebu hayo mawili, leo wakifuata ya huku na kesho ya kule. Ni jambo ambalo halikosi maana tukikumbuka kwamba nafasi iliyomtukuza baadaye ilikuwa ya mtu aliyeuawa hasa kwa sababu ya mfarakano wa makanisa hayo.

Shuleni Varndean, mjini Brighton, hakuwa mwanafunzi wa kutajika. Hesabu na lugha zilimpita kando. Lakini shule hiyo ilikuwa na ada ya kuchezesha tamthiliya moja ya Shakespeare kila mwaka, na kwa kuwa ilikuwa shule ya wavulana watupu, nafasi za wanawake nazo zilichezwa na wavulana, kama ilivyokuwa katika zama za Shakespeare mwenyewe. Basi Scofield, angali kijana mdogo, akachaguliwa kuwa Juliet. Tangu siku hiyo akajua alikotaka kwenda, na mwaka 1939, akiwa na miaka 17, aliingia katika mafunzo ya kundi la maonyesho la Croydon. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto na wenziwe wakaitwa jeshini, yeye madaktari walimkataa kwa kuwa vidole vyake vya miguu vilipandana hata asiweze kuvaa mabuti ya askari. Hakulipokea jambo hilo kwa furaha ya mtu aliyeokoka. Alilionea haya, naye akaendelea kuigiza katika miji iliyokuwa ikilala gizani kwa hofu ya ndege za Wajerumani.

Mwaka 1943 alimwoa Joy Parker, mwigizaji mwenziwe, na ndoa hiyo haikuvunjwa ila na mauti, baada ya miaka 65 kasoro kidogo. Wakaweka maskani yao Balcombe, kijiji kingine cha Sussex, wakazaa mtoto wa kiume na wa kike. Na Scofield akawa mtu wa kupanda gari la moshi jioni kwenda kazini London na kurudi usiku kulala kwake, kama afanyavyo karani yeyote. Naomba msomaji asiupite upesi upande huu wa maisha yake, kwa sababu ndio uliompa nguvu ya kukataa. Mtu aliye na kwao pa kurudi hawezi kununuliwa kwa urahisi.

Aliyemtoa gizani alikuwa Sir Barry Jackson, mwenye ukumbi mashuhuri wa Birmingham, na ni hapo Birmingham, mwaka 1945, alipokutana na kijana mmoja mfupi mwenye umri wa miaka 20 tu, mwongozaji Peter Brook, ambaye jina lake litafuatana na lake hadi mwisho. Mwaka uliofuata Jackson alipewa madaraka ya maonyesho ya Stratford, mji alikozaliwa Shakespeare, akawachukua vijana wale wawili pamoja naye. Huko Scofield alicheza Don Armado, akacheza Mercutio, na mwaka 1948, akiwa na miaka 26, akacheza Hamlet, akapokezana nafasi hiyo na Robert Helpmann. Msomaji aliyemjua Shakespeare kwa kalamu ya Mwalimu Julius Nyerere, aliyefasiri tamthiliya ya Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, anafahamu jinsi maneno ya mtunzi yule yalivyo mazito mdomoni, na jinsi yanavyoweza kumshinda msemaji akawa anayaimba tu bila ya kuyafikiri. Waigizaji wengi wa Kiingereza wa kizazi kilichomtangulia Scofield walikuwa wakiyaimba. Yeye aliyafikiri.

Sauti yake ni vigumu kuieleza kwa mtu ambaye hajaisikia. Ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo, haikuwa laini wala tamu, na ilikuwa na tabia ya kupanda pale ambapo sikio lilitarajia ishuke, na kusita katikati ya sentensi ambapo mwingine angeendelea, hata msikilizaji akawa hana uhakika neno lijalo litakuwa lipi, ijapokuwa maneno yenyewe ana yakini ameyasoma tangu shuleni. Uso nao ulisaidiana na sauti. Tangu ujanani ulikuwa na makunyanzi marefu mashavuni, na macho yaliyoonekana yakitazama kitu kilicho nyuma ya mtu anayesemeshwa. Kwa uso huo na sauti hiyo alicheza watakatifu na wauaji, wafalme na kasisi mlevi wa Graham Greene katika The Power and the Glory mwaka 1956, na hata mchezo wa nyimbo uitwao Expresso Bongo mwaka 1958.

Mwishoni mwa mwaka 1955 alirudi kwa Hamlet, safari hii chini ya uongozi wa Brook, na wakaupeleka mchezo huo Moscow, likiwa kundi la kwanza la Kiingereza kucheza huko tangu mapinduzi ya 1917. Stalin alikuwa amekufa miaka miwili na ushei kabla ya hapo. Watazamaji wa Moscow, ambao wengi wao hawakujua Kiingereza lakini waliijua tamthiliya, walikaa wakisikiliza habari ya mwana wa mfalme anayeishi katika jumba ambamo kila pazia lina sikio nyuma yake, na hawakuhitaji kuelezwa.

Sasa tufike kwa Thomas More. Mtunzi wa tamthiliya hiyo, Robert Bolt, aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya kuishi kwa kalamu yake, hakuwa mtu wa dini. Kilichomvutia kwa More ni dhamiri zaidi kuliko imani ya Kikatoliki iliyomfanya atangazwe mtakatifu mwaka 1935. Kisa chenyewe kinajulikana. Mfalme Henry wa Nane, akitaka kumwacha Malkia Katherine amwoe Anne Boleyn, na Papa asipomruhusu, alijitangaza kuwa mkuu wa kanisa katika nchi yake, akawataka watu wakubwa waape kuyaunga mkono hayo. Karibu wote waliapa. More alijiuzulu ukansela, akarudi nyumbani kwake Chelsea, akanyamaza. Hakumtukana mfalme wala hakuchochea fitina. Alikuwa mwanasheria hodari kuliko wote waliomzunguka, na alijua kwamba mbele ya sheria mtu aliyenyamaza hawezi kuhukumiwa kwa alilolinyamazia. Alijenga ngome kwa ukimya wake, na ngome hiyo ingalisimama lau asingetokea Richard Rich, kijana aliyewahi kumwomba More kazi akamnyima, kuja kutoa ushahidi wa uongo, ujira wake ukiwa cheo cha mwanasheria mkuu wa Wales.

Scofield alilicheza jukumu hilo London kuanzia Julai 1960, kisha New York kuanzia Novemba 1961, akapata tuzo ya Tony mwaka 1962; kwa hiyo kamera za Zinnemann zilipowashwa alikuwa amekwisha kuishi ndani ya More kwa mamia ya usiku. Na hapa pana jambo ambalo nalistaajabia hata leo. Mwigizaji wa jukwaani aliyezoea kuufikishia mchezo wake mtu aliyekaa safu ya mwisho ghorofani, aghalabu huja mbele ya kamera akawa mkubwa mno, mikono yake mingi, sauti yake nene. Scofield aliyapunguza yote. Tazama onyesho la mfalme anapokuja Chelsea kwa mashua: Robert Shaw, aliyeigiza kama Henry, anaruka kutoka mashuani akatumbukia katika tope hadi vifundoni, na watumishi wake wanabaki wameduwaa, hawajui kama wacheke au waogope, hata mfalme acheke ndipo nao wote warukie tope lile lile kwa mavazi yao ya thamani. More amesubiri nchi kavu na jamaa zake, amepiga goti, anatabasamu. Tabasamu hilo lina mapenzi ya kweli kwa mfalme, na lina hesabu. Ni la mtu anayempenda simba na asiyesahau kamwe kwamba ni simba. Mwongozaji hakumwongezea hata neno moja pale.

Au tazama anapoitwa usiku na Kadinali Wolsey, aliyechezwa na Orson Welles, mtu wa kiwiliwili kikubwa, aliyevikwa joho jekundu akawekwa katika chumba kidogo kilichopakwa wekundu ule ule, hata ikawa kadinali na chumba chake ni kitu kimoja na pumzi hakuna. Scofield anaingia na nguo zake nyeusi. Welles anaunguruma, Scofield anajibu kwa sauti ya mtu aliyetoka kuamshwa usingizini, kwa upole, kwa neno moja moja, na ni yule mpole unayeshindwa kumwondolea macho.

Onyesho la mahakamani ndilo kilele. Kwa muda mrefu wa filamu mtu huyu amejizuia. Amejibu kila swali kwa sheria, kwa mzaha mwepesi, kwa kimya. Gerezani nywele zimeota mvi, mwili umedhoofu, anatembea kwa fimbo. Rich anakula kiapo na kusema uongo wake. Baraza linamwona More ana hatia pasi na kujadiliana. Hapo tu, wakati ambapo maneno hayawezi tena kumdhuru wala kumsaidia, ndipo anapoifungua dhamiri yake mbele ya mahakimu, na sauti ile iliyokuwa imefungiwa kwa saa nzima na zaidi inajaza ukumbi wote, ikipanda hatua kwa hatua, si kwa ghadhabu bali kwa faraja ya mtu anayeruhusiwa hatimaye kusema kweli. Nimewaona waigizaji wakubwa wengi wakifanya maonyesho ya mahakamani. Sijaona lililostahiki kusubiriwa kama hili.

Kuna habari moja ambayo aghalabu huachwa nyuma, nayo inanihuzunisha. Mwezi Septemba 1961 Robert Bolt, aliyekuwa katika kundi la wapinzani wa silaha za nyuklia pamoja na mwanafalsafa Bertrand Russell, alifungwa jela mwezi mmoja kwa kukataa kutia sahihi ahadi ya kuwa mtulivu. Wakati huo alikuwa akiandika maneno ya filamu ya Lawrence of Arabia, na mwenye filamu, Sam Spiegel, akaenda kumbembeleza gerezani kwamba kazi ya mamia ya watu imesimama kwa ajili yake. Bolt alitia sahihi akatoka. Alijuta kwa muda mrefu. Mtu aliyemwandika More kwa ufahamu wote ule alipewa mtihani wa More, ingawa mdogo mno kuliko wake, akaushindwa, na sidhani kwamba yuko mwenye haki ya kumcheka; lakini unapomsikiliza Scofield akiyasema maneno ya Bolt, ni vyema ukumbuke kwamba mwandishi wake alijua uzito wa kalamu ile kwa pande zote mbili.

Baina ya More wa jukwaani na More wa sinema, Scofield alicheza King Lear, mfalme mzee wa Shakespeare. Ilikuwa Novemba 1962, Stratford, naye ana miaka 40, nusu ya umri wa mzee yule. Brook aliondoa jukwaani kila pambo la kawaida: kuta tupu, mabamba ya chuma yenye kutu yaliyotikiswa yakawa radi, mavazi ya ngozi. Waigizaji waliotangulia walikuwa wakimfanya Lear baba aliyeonewa tangu mwanzo, mwenye ndevu ndefu kama nabii, na mabinti zake wawili wakawa mashetani; Scofield alikuja na nywele zilizokatwa hadi karibu na kichwa, sauti kavu ya mtawala aliyezoea kutiiwa, na masahaba wake wakapindua meza na kuvunja vyombo katika nyumba ya Goneril, mmoja wa mabinti hao, aliyechezwa na Irene Worth, hata watazamaji kwa mara ya kwanza wakajikuta wakisema: binti huyu naye ana haki yake. Ndipo mzee alipoanguka akawa na kitu cha kuangukia. Hakuomba huruma ya mtu, na huruma ikamjia.

Mwaka 1964 mchezo huo ulizungushwa katika miji mikuu ya Ulaya ya Mashariki, Budapest na Moscow zikiwamo, kisha ukapelekwa Marekani. Na Brook ameandika kwamba maonyesho yaliyokuwa bora kabisa ni yale ya huko Mashariki, mbele ya watu ambao lugha waliielewa kwa nadra lakini walioleta ukumbini maisha yao yaliyopondwa na vita, ilhali Philadelphia, ambako kila mtu alijua Kiingereza, usikivu ulikuwa hafifu. Mwaka 2004, waigizaji wa Royal Shakespeare Company walipoulizwa ni uigizaji upi wa Shakespeare ulio mkubwa kupita wote, waliutaja huo wa Scofield. Filamu yake, iliyopigwa katika baridi kali ya Jutland, Denmark, na kuonyeshwa mwaka 1971, haiufikii. Ni nyeusi, ni baridi, na Brook aliikatakata mno. Hata hivyo uso wa Scofield ndani yake haufi.

Kwa jumla filamu zake ni chache. Miongoni mwake naitetea ile ya The Train, ya mwaka 1964, ambamo yeye ni kanali wa Kijerumani anayejaribu kuhamisha michoro ya thamani kutoka Paris kwa gari la moshi, na Burt Lancaster ni mfanyakazi wa reli anayemzuia. Wengi huiona kuwa filamu ya mikikimikiki tu. Lakini Scofield amemfanya kanali huyo mtu anayependa sanaa kwa ikhlasi, asiyewapenda watu. Na upendo wake wa uzuri unazidi kuwa wa kutisha kila anapotoa amri ya kuua.

Mwezi Novemba 1979, katika National Theatre ya London, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumcheza Salieri, mtunzi wa muziki mwenye wivu, katika tamthiliya ya Peter Shaffer iitwayo Amadeus, akianza akiwa mzee katika kiti cha magurudumu, kisha mbele ya macho ya watu akalivua joho la uzee akasimama kijana, pasipo hila yoyote isipokuwa mwili na sauti. Tamthiliya ilipokwenda New York, hakwenda nayo. Ian McKellen aliichukua nafasi hiyo akapata Tony, F. Murray Abraham akaichukua katika filamu ya 1984 akapata Oscar. Hakuna mahali nilipoona kwamba Scofield alilalamika. Mtu aliyeigiza kwa ufasaha wote ule moyo uliokaangwa na wivu, mwenyewe wivu haukuwa na makao kwake.

Na hapo ndipo lilipo suala la cheo. Mwaka 1956 alikubali nishani ya CBE. Lakini alipotakiwa kupewa daraja ya kumfanya aitwe Sir, kama walivyokwisha kuitwa Olivier, Gielgud, Richardson na Guinness, alikataa kwa adabu, akieleza kwamba anawaheshimu walioikubali, ila kwake yeye si kitu anachokitamani maishani, na kuitwa Bwana Scofield kulimtosha. Mwaka 2001 alipokea nishani ya Companion of Honour, ambayo ni adhimu sana lakini haimbadilishi mtu jina. Ukilitazama jambo hili kwa insafu huoni kiburi ndani yake. Mwenye kiburi hukataa kwa kelele.

Uzeeni sinema ilimrudia. Katika Quiz Show ya Robert Redford, mwaka 1994, alikuwa Mark Van Doren, profesa na mshairi wa New York, ambaye mwanawe amejitia katika udanganyifu wa mashindano ya televisheni. Lipo onyesho la usiku, jikoni, baba na mwana wakila keki ya chokoleti na maziwa, mwana akitaka kukiri na asiweze, na baba, bila ya kujua, anafurahi tu kuwa mtoto wake amekuja nyumbani. Furaha hiyo Scofield ameiacha ikae usoni muda wa kutosha hata moyo wa mtazamaji ukauma kwa niaba ya mwana. Oscar ya pili ilimkosa, ingawa jina lake lilipendekezwa. Miaka miwili baadaye, katika The Crucible ya Arthur Miller, akawa Hakimu Danforth, anayemdai mshtakiwa John Proctor atie sahihi ungamo la uongo ili asinyongwe. Miaka 30 baada ya More aliyekataa kuapa, mtu yule yule akakaa katika kiti cha wanaodai kiapo, na akamcheza hakimu huyo kwa utulivu wa mtu mwenye yakini kwamba anatenda haki, jambo ambalo ni la kuogofya kuliko ukali wowote.

Mwaka huo huo wa 1996 alipanda jukwaani kwa mara ya mwisho, katika John Gabriel Borkman ya Ibsen, akiwa na Vanessa Redgrave na Eileen Atkins. Kisha akabaki Balcombe. Alifariki tarehe 19 Machi 2008, kwa maradhi ya saratani ya damu, akiwa na miaka 86, na mwaka mmoja kamili baadaye ibada ya kumkumbuka ikafanywa Westminster Abbey, kanisa wanakotawazwa wafalme wa Uingereza.

Kazi ya jukwaani haihifadhiki, na wengi wetu hatutamwona kamwe Lear wa Stratford wala Salieri wa London. Lakini More yupo. Basi namsihi kila msomaji aliye na usiku mmoja wa nafasi, na hasa vijana wanaojifunza kuigiza katika lugha yetu, ambao hufundishwa kulia na kupayuka kabla ya kufundishwa kunyamaza, waitafute filamu ile ya 1966 na kuitazama mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya kisa, na mara ya pili wamtazame Scofield tu, hasa pale ambapo si yeye anayesema.